Mgeni Aliyebeba Udongo

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, mzigo haukuinuliwa kabla ya mapatano. Jambo hili husahaulika kwa sababu picha tuliyorithi ya karne ya 19 ni ya mtu aliyeinama chini ya pembe ya ndovu, hana jina, hasemi. Watumwa walipita njia hiyo, na aibu hiyo haifutiki. Lakini Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo walikuwa watu wa ujira, na thamani ya kazi yao waliijua. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Ujira ulitajwa mapema, kwa merikani na kaniki, kwa shanga au kwa fedha, na posho ya njiani ilikuwa sehemu ya mapatano. Mwenye msafara akipunguza posho, mizigo iliwekwa chini. Akishikilia ubishi, aliamka asubuhi akakuta mizigo ipo na watu hawapo. Burton, Speke na Stanley wameacha kurasa nyingi za kulalamikia wapagazi waliogoma au kutoroka. Ukizisoma leo, unaona watu waliokuwa wakidai walichoahidiwa.

Na haikuwa wapagazi peke yao. Kupita kulikuwa na bei. Watawala wa njiani walidai hongo, neno ambalo siku hizo halikuwa na maana ya rushwa bali ushuru wa njia: umekunywa maji yetu, umelala kwetu, toa nguo kadhaa upite kwa amani. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji baada ya ugomvi na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe juu ya ushuru na biashara. Stanley, aliyekuwa Tabora akielekea kumtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu, akashuhudia wakishindwa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si wa historia. Lakini mtu akikulia Tabora, historia ya misafara huipata bila kuitafuta: iko kwenye miembe mikubwa, iko Kwihara katika nyumba alimokaa Livingstone, iko katika majina ya watu. Nilikuwa nimeyajua haya ya ujira na hongo kwa miaka mingi kabla sijaona kwamba kulikuwa na mzigo wa aina moja uliopita humu bila mtu yeyote kuuliza bei yake. Aliyenifikisha hapo ni mjomba wangu, kwa swali moja.

*

Mjomba alikuwa mtu wa reli. Amestaafu sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shinikizo la damu lilimmalizia figo zote mbili, na wakati huo hapakuwa na mahali hapa nchini pa kupandikiza figo. Upandikizaji wa kwanza Muhimbili ulifanyika Novemba 2017. Basi alipelekwa India, na mama yangu akaenda naye kwa sababu figo ilitoka kwake. Dada alimpa kaka yake figo moja, wakarudi wote wawili, na tangu siku hiyo Mjomba anaishi kwa saa. Asubuhi saa moja kidonge, jioni saa moja kidonge. Haruhusiwi kula balungi, kwa sababu balungi hupandisha kiwango cha dawa katika damu. Dawa yenyewe inaitwa saiklosporini. Husafiri kutoka Dar es Salaam kwa basi, na ikichelewa siku mbili nyumba nzima inanyamaza.

Alikuwa amekwisha kuimeza miaka kadhaa aliponiuliza, "Mwalimu, hii kitu wanaitengeneza na mti gani?"

"Si mti, Mjomba. Ni kuvu. Kuvu ya udongoni."

"Kuvu kama uyoga?"

"Ndugu yake uyoga."

Alicheka, kisha akauliza swali ambalo mimi, na shahada yangu, sikuwahi kuliuliza: "Udongo wa wapi?"

Nilimwahidi kutafuta. Kwa mtu wa Tabora, swali lile ni la kawaida kabisa. Asali tunaiuliza imetoka wapi. Mchele tunauuliza. Mgeni akishuka stesheni tunamuuliza. Lakini dawa huja katika boksi lenye jina la kiwanda na tarehe ya kuharibika, na mambo yote yaliyotangulia kiwanda yamekatwa.

*

Udongo ulikuwa wa Norwei.

Kampuni ya dawa ya Sandoz, yenye makao Basel nchini Uswisi, ilikuwa na desturi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: mfanyakazi akisafiri, kikazi au likizo, achukue vifuko vya plastiki na arudi na udongo. Sababu inaeleweka. Penisilini ilikuwa imetoka kwenye kuvu, streptomaisini kwenye bakteria wa udongoni, na kila kampuni ilitaka kupata ya kwake. Udongo ni soko lenye vurugu. Viumbe visivyoonekana kwa macho hugombania chakula humo, na silaha zao ni kemikali. Ukichota kijiko kimoja unachota ghala la silaha ambazo hakuna mtu aliyeziorodhesha.

Mwaka 1969 mfanyakazi mmoja wa Sandoz, mwanabaiolojia Hans Peter Frey, alikwenda likizo Norwei na kuchota udongo kwenye Hardangervidda, uwanda wa juu wenye baridi, usio na miti, kusini mwa nchi hiyo. Basel waliotesha kilichomo wakapata kuvu ambayo hatimaye ilijulikana kwa jina la Tolypocladium inflatum. Kwanza walitafuta dawa ya kuua kuvu nyingine, na kwa kazi hiyo haikuwa na ajabu. Lakini haikuwa na sumu kali, kwa hiyo dondoo lake liliwekwa kwenye mpango wa kupimwa kwa mambo mengine.

Januari 1972, katika maabara ya Hartmann Stähelin, panya waliopewa dondoo hilo walionyesha jambo jipya. Kinga yao ya mwili ilishuka sana, lakini seli zao nyingine hazikuuawa. Dawa zilizotumika wakati huo kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo, kama azathioprini, ziliipiga kinga kwa kuzipiga seli zote zinazogawanyika, kama mtu anayechoma nyumba ili aue panya. Hii ilichagua. Jean-François Borel, aliyeongoza sehemu kubwa ya utafiti uliofuata, aliitangaza kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1976. Mwaka huohuo muundo wake ulichapishwa: asidi amino 11 zilizofungwa katika duara.

Duara hilo haliyeyuki katika maji, na hapo dawa ilikaribia kufia. Borel mwenyewe alikunywa saiklosporini iliyoyeyushwa katika pombe ili ipimwe kama inaingia katika damu ya mtu. Iliingia, na yeye akalewa kidogo. Cambridge, Uingereza, Mgiriki Alkis Kostakis aliiyeyusha katika mafuta ya zeituni, akawapa panya waliopandikizwa moyo, nao wakaishi kuliko ilivyotarajiwa. Roy Calne akaijaribu kwa wagonjwa mwaka 1978. Mwaka 1983 Marekani iliidhinisha itumike. Baadaye Stähelin na Borel walitofautiana juu ya nani hasa aligundua nini, na mwaka 1996 Stähelin alichapisha historia yake mwenyewe ya dawa hiyo.

Nilipomsimulia Mjomba, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanagombania nani alifungua mzigo. Aliyeubeba je?"

*

Kabla ya kumjibu ilinibidi nielewe inafanya nini ndani ya mwili wake, na huko ndiko nilikogundua kwamba kidonge ni sehemu ndogo ya historia ya saiklosporini. Sehemu kubwa iko maabara.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwili haukubali methali hiyo. Figo ya mama, pamoja na undugu wote, kwa seli za kinga za Mjomba ni mgeni asiye na barua. Seli ziitwazo seli T humgusa, huona alama si zao, na ndani yake kiwango cha kalsiamu hupanda. Kalsiamu huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini. Kalsinyurini humfungulia mjumbe mmoja, protini, ambaye huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za vita. Seli huzaana, nyingine huitwa, na mgeni huuawa.

Haya yote tunayasema leo kwa utulivu, lakini mwaka 1980 hakuna aliyejua mfuatano huo. Kilichoufunua ni saiklosporini yenyewe. Wanasayansi walikuwa na dawa iliyozima kitu wasichokijua, wakajiuliza: ikiingia ndani ya seli inashikana na nani? Mwaka 1984 Robert Handschumacher na wenzake walipata protini inayoishika, waliyoitoa kwenye tezi ya thaimasi ya ng'ombe, wakaiita saiklofilini. Mwaka 1991 kundi la Stuart Schreiber na wenzake lilionyesha hatua iliyobaki: saiklosporini ikikumbatiana na saiklofilini, viwili hivyo pamoja humkaba kalsinyurini. Mjumbe hubaki nje ya mlango. Jeni za vita hazisomwi.

Tangu hapo saiklosporini imekuwa katika maabara kama swichi. Mtafiti akitaka kujua kama kalsinyurini inahusika na jambo fulani, katika moyo, katika ubongo, katika misuli, huitia na kutazama. Jambo likikoma, amepata fununu. Lisipokoma, atafute kwingine. Mwanafunzi wa leo anayesoma jinsi seli zinavyopokea habari kutoka nje anasoma, bila kuambiwa, matokeo ya udongo wa likizo.

Na swichi hiyo imegusa magonjwa ya kwetu. Mwaka 1981 ilionyeshwa kwamba saiklosporini huwaua minyoo wa kichocho katika panya, na muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba huzuia vimelea vya malaria visikue. Haikuwa dawa ya magonjwa hayo, maana huwezi kumnyang'anya mgonjwa wa malaria kinga yake, lakini iliwaonyesha watafiti kwamba vimelea navyo vina sehemu zinazokabika. Mwaka 1993 Jeremy Luban na wenzake waligundua kwamba protini ya virusi vya Ukimwi hushikana na saiklofilini ya binadamu, ileile inayoshika dawa ya Mjomba, na saiklosporini ikatumika kuonyesha kwamba mshikano huo huisaidia virusi kuambukiza. Ukimwi ulikuwa umetambuliwa Kagera miaka 10 tu kabla.

Kisha mwaka 1997 likaja la kustaajabisha zaidi. Kuna kuvu iitwayo Cryptococcus neoformans inayoshambulia utando wa ubongo, na Afrika Mashariki imewaua wagonjwa wengi wa Ukimwi. Watafiti waliitia saiklosporini. Katika nyuzi 24 kuvu iliendelea kukua. Katika nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu, ikashindwa. Maana yake ni kwamba kalsinyurini ndiyo inayoiwezesha kuvu hiyo kuvumilia joto letu. Silaha ya kuvu ya baridi ya Norwei ilifichua siri ya kuvu inayoua watu katika hospitali zetu.

Hata makazi halisi ya Tolypocladium yalijulikana kwa kuchelewa. Mwaka 1996 Kathie Hodge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kuvu hiyo ina maisha ya pili: hukua juu ya buu wa mbawakawa na kumla. Kwa miaka 27 tuliifahamu kama mkazi wa udongo, kumbe udongo ni mahali pa kungojea.

*

Sasa swali la Mjomba: aliyebeba je?

Frey angalau jina lake limebaki. Ukiirudia njia yetu ya misafara ukitafuta mizigo ya aina ile, utaipata mingi, na majina machache. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857. Speke alirudi mwaka 1861 pamoja na James Grant, na njiani Grant alikusanya mimea na kuikausha. Mimea hiyo ilifika bustani ya Kew, London, na kati ya 1872 na 1875 ilichapishwa katika jarida la Linnean Society, kwa Kilatini na kwa michoro. Mwaka 1880 Wajerumani walianzisha kituo Kakoma, kusini mwa Tabora, na mmoja wao, Richard Böhm, alikuwa mtaalamu wa wanyama. Alikufa Katanga mwaka 1884, bado kijana, lakini jina lake liko hai: pundamilia wa nchi zetu kwa Kilatini anaitwa boehmi, na yuko ndege mla nyuki anayebeba jina hilohilo.

Masanduku hayo hayakwenda pwani yenyewe. Mtu aliyaweka begani, na mtu huyo alilipwa kwa kubeba uzito. Kilichokuwa ndani hakikuwa na bei kwa sababu hakuna aliyedhani kina bei. Mtawala aliyejua kuhesabu pembe na kudai nguo kwa kila msafara aliona majani makavu kati ya karatasi, ngozi za ndege, konokono ndani ya chupa, akaona wazimu wa mgeni. Aliyemwambia mgeni mmea huu unaitwaje, unatibu nini, unaua nani, hakuandikwa. Hata mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao walipobeba mwili wa Livingstone kutoka Ilala hadi Kwihara na kisha hadi Bagamoyo, walibeba pia daftari zake. Mwaka uliofuata zikawa kitabu London. Tunawajua Chuma na Susi kwa sababu walibeba maiti ya mtu maarufu. Waliobeba masanduku ya mimea hatuwajui.

Simlaumu mtawala yule. Udhaifu wake ulikuwa uleule wa serikali ya Norwei mwaka 1969. Nchi yenye vyuo vikuu, mahakama na benki iliangalia mtalii akiondoka na kifuko cha udongo na haikuwa na sababu ya kumsimamisha.

*

Norwei ilipata nini? Mwaka 2000 watafiti watatu wakiongozwa na Hanne Svarstad walichapisha hesabu. Kufikia 1997 saiklosporini ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, chini ya Novartis, kampuni iliyozaliwa mwaka 1996 Sandoz ilipoungana na Ciba-Geigy. Kama Norwei ingekuwa na mkataba wa asilimia 2 tu ya mauzo, mwaka huo mmoja ingepokea dola milioni 24 hivi. Ilipokea sifuri. Hapakuwa na wizi, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyovunjwa, wala na makubaliano.

Niliposoma kwamba Svarstad huyohuyo alikuwa amefanya utafiti Tanzania, kuhusu kampuni ya California iliyoitwa Shaman Pharmaceuticals iliyotafuta dawa katika mimea yetu, nilielewa kwa nini hesabu ya Norwei ilimvutia. Huku kwetu jambo likiwa dogo tunasema ni unyonge wa maskini. Hardangervidda inaonyesha kwamba tajiri asiye na mapatano hupewa kilekile.

Na mifano ya karibu ipo. Akarbozi, dawa ya kisukari, inatokana na bakteria aliyepatikana katika udongo wa Ruiru, karibu na Nairobi. Mwaka 1999 watafiti wa Merck walitangaza molekuli inayoiga kazi ya insulini, waliyoitoa kwenye kuvu iliyokuwa juu ya jani lililochumwa karibu na Kinshasa. Molekuli hiyo haikuwa dawa, lakini njia yake ni ileile: jani linaondoka, jina la kijiji linabaki nyuma.

*

Hapa ndipo ninapobanwa, na sitaki kupita haraka.

Tuseme mwaka 1969 Norwei ingekuwa na ofisi ya vibali. Tuseme Frey, akiwa likizoni, angeambiwa ajaze fomu, asubiri miezi sita, alete barua ya kampuni na muhtasari wa utafiti. Angeacha kifuko hotelini, akaenda kuvua samaki. Na mjomba wangu? Dawa nyingine ingeweza kupatikana baadaye, zimepatikana. Lakini kuna watu wa miaka ya 1980 na 1990 walioishi kwa sababu hii ilipatikana wakati ule. Kila ninapoandika kuhusu udongo na haki, naona ile saa ya jioni ukutani kwake na kidonge kwenye kisosi. Simtakii mtu yeyote ulimwengu ambamo kifuko kile hakikusafiri.

Kwa hiyo sisemi mlango ufungwe. Mirambo mwenyewe alipoifunga njia alitaka biashara ipite kwa masharti yake, si ife. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 ulisema kwamba viumbe vya nchi viko chini ya mamlaka ya nchi, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaweka utaratibu: ruhusa kabla ya kuchukua, makubaliano kabla ya kutumia, mgawo wa faida. Tanzania ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 2018. Kwenye karatasi, pengo la Hardangervidda limezibwa.

Lakini karatasi inahitaji kitu cha kushikilia. Huwezi kupatana juu ya kitu usichokijua unacho. Wakati wa masika, kandokando ya barabara zinazotoka Tabora, akina mama huuza uyoga kwa sado, na wanajua upi wa kula, upi wa kuacha, upi hutoka kwenye kichuguu na upi hutoka chini ya mti gani. Marja Härkönen wa Finland, akifanya kazi na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuliza watu wa vijijini na masokoni, na mwaka 2003 wao na Tuomo Niemelä wakatoa kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania. Hiyo ni mimea ya macho, ingawa uyoga si mmea. Chini yake kuna nyuzi ambazo zimeungana na mizizi ya miombo, mti ukiilisha kuvu sukari na kuvu ikiuletea mti maji na madini. Ukikata mti, hukati mti peke yake.

Na tunakata. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni za miombo kila msimu. Mkulima ana ada za shule za kulipa. Hakuna aliyewahi kumlipa kwa kuvu. Lakini gogo linapoingia baniani, sehemu ya ghala lisiloorodheshwa inaingia nalo, na hakuna itifaki inayoweza kudai mgawo wa majivu.

Ndiyo maana siku hizi ninapowapeleka wanafunzi porini, kabla hawajagusa kitu nawataka waandike: tarehe, mahali, mti wa jirani, jina la kuvu kwa Kinyamwezi kama lipo, na jina la aliyetuambia. La mwisho ndilo wanaloliona la ajabu. Mmoja aliniuliza kwa nini aandike jina la bibi aliyetuonyesha tu uyoga. Nikamwambia kwamba orodha za Grant na Böhm ni nzuri, Kilatini chake hakina kosa, na safu moja tu haimo.

Sijui kama katika daftari zile kutakuwa na saiklosporini nyingine. Nafasi ni ndogo; Basel walipima maelfu ya sampuli kabla ya ile. Lakini kirangozi wa mwaka 1860 hakuhitaji kujua ndani ya kila robota mna nini ndipo adai ujira. Alihitaji kujua mambo matatu: mzigo ni wa nani, unakwenda wapi, na tumepatana nini kabla haujanyanyuliwa. Njia hii iliyajua hayo kabla ya Nagoya, kabla ya Basel, kabla ya mgeni wa kwanza kuinama kandokando yake na kuchota udongo.